Shajara ya mradi: taa ya cheki injini, msimbo P0171

Ijumaa jioni

Taa ya cheki injini imewaka na imekataa kuzima. Imetulia, haimwekimweki, na hilo ndilo nililolitazama kabla ya kitu kingine chochote. Taa tuli maana yake kompyuta imeona hitilafu inayoweza kuzidisha moshi mchafu, na una muda wa kuchunguza kwa utulivu. Ikimwekamweka huku injini inamisi (silinda zinakosa kuwaka), hapo toa mguu kwenye mafuta na utafute pa kusimama salama. Petroli isiyoungua inakuwa inamiminika kwenye ekzosi, inawakia ndani ya katalisti (kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi), na katalisti inaweza kuyeyuka kabla hujafika uendako. Gari la namna hiyo halifanyiwi vipimo ninavyoandika hapa.

Gari lenyewe ni la petroli, silinda nne, lita 1.8, na linapima hewa kwa sensa ya MAF iliyo mara tu baada ya filta. Dalili: likiwashwa baridi linatetemeka kidogo dakika za mwanzo. Likisimama likiwa la moto, mlio unapanda na kushuka kama halijaamua. Barabarani linavuta vizuri tu. Hilo la mwisho ni ushahidi pia, nitalirudia.

Soketi ya skana iko chini ya dashibodi upande wa dereva, ile yenye pini 16. Marekani iliilazimisha kwa magari madogo yote kuanzia toleo la 1996, Ulaya ikafuata kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001, kwa hiyo kifaa kimoja kidogo cha bluetooth na programu ya simu vinasoma magari mengi mno. Jambo la kukumbuka: pini namba 16 ina umeme wa betri saa zote, hata swichi ikiwa imezimwa. Ukikisahau kifaa humo na gari halitembei, betri italipia.

Nimesoma, sijafuta kitu. Matokeo:

P0171, umethibitishwa.
P0300, unasubiri.

Herufi P ni injini na gia. Sifuri inayofuata ina maana msimbo ni wa kiwango cha pamoja, si wa mtengenezaji mmoja. Tarakimu inayoifuata hiyo sifuri inataja eneo: 1 ni mafuta na hewa, 3 ni uchomaji. P0171 unasema mchanganyiko una hewa nyingi au petroli kidogo kwenye benki ya 1, yaani upande wenye silinda namba 1. Injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja kwa kawaida ina benki moja tu, kwa hiyo hapa hakuna ubishi. P0300 ni kumisi kusikokuwa na silinda maalumu, na kuwa “unasubiri” maana yake kompyuta imeuona katika safari moja na inangoja ushahidi wa pili kabla ya kuuthibitisha.

Shemeji alikuwepo, akatamka hukumu papo hapo: “Sensa ya oksijeni hiyo, shemeji, toa weka mpya.” Ndiyo hukumu ya kawaida, kwa sababu sensa hiyo ndiyo iliyotoa taarifa. Lakini msimbo unaeleza kompyuta iliona nini, hautaji kifaa cha kununua. Anayepiga kelele kwamba kuna moto si lazima awe ndiye aliyeuwasha.

Kabla ya kulala nimenakili picha ya tukio, zile namba ambazo kompyuta huzihifadhi sekunde ile inaporekodi msimbo. Hizi hufutika pamoja na msimbo, na kuchomoa betri pia huweza kuzifuta, ndiyo maana ushauri wa “chomoa betri dakika kumi” siupendi kabisa. Zilikuwa:

Mizunguko kwa dakika: 742
Mwendo: 0
Joto la maji: 91
Mzigo wa injini: asilimia 18
STFT (masahihisho ya petroli ya muda mfupi, kwa asilimia): +9.4
LTFT (ya muda mrefu): +24.2

Yaani gari lilikuwa limesimama, la moto, mguu haupo kwenye mafuta.

Jumamosi asubuhi, injini baridi

Kipimo cha kwanza kinahitaji gari lililolala usiku kucha. Swichi kwenye ON, injini haijawashwa. Maji yanasoma 21, hewa inayoingia inasoma 20. Sensa hizi mbili zikishalala pamoja usiku mzima zinapaswa kukubaliana kwa digrii chache. Zingetofautiana sana, moja ingekuwa inaidanganya kompyuta, na kompyuta inayodhani injini ni ya moto wakati ni baridi hutoa petroli kidogo kuliko inavyohitajika. Zimekubaliana. Nimezifuta kwenye orodha ya washukiwa na sikuzirudia tena.

Nikawasha nje, mahali pa wazi. Injini isingurume ndani ya banda lililofungwa hata kwa dakika chache. Monoksidi ya kaboni haina harufu.

Mtetemo ulikuja kama kawaida. Wakati huo injini inaendeshwa kwa hesabu za kwenye kumbukumbu tu, kwa sababu sensa ya oksijeni bado haijapata joto na hakuna anayeisahihisha kompyuta. Hewa ikizidi hapo, silinda zinakosa kuwaka mara moja moja. Nadhani P0300 imetoka hapa, na kama ni hivyo koili na plagi hazina kosa. Sijazigusa.

Saa chache baadaye, injini ya moto

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kompyuta inataka takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Inapima hewa, inatafuta kwenye jedwali lake nozeli zifunguke kwa muda gani, kisha inasikiliza sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi. Sensa ikisema hewa imebaki nyingi, inaongeza petroli kwa asilimia fulani. Asilimia hiyo ndiyo trimu. STFT ni ya muda mfupi, inabadilika kila wakati. LTFT ni ya muda mrefu, ni yale kompyuta iliyojifunza na kuyaweka kama desturi. Ukizijumlisha unapata masahihisho yote. Injini isiyo na tatizo hukaa karibu na sifuri, tano juu au tano chini, na hata kumi sijali sana. (Kwa wapenzi wa mambo madogo: kila trimu inabebwa na baiti moja, nafasi 256 kuanzia −100 hadi +99.2. Ndiyo maana namba zinaruka kwa 0.78: utaona 7.0, 7.8, 8.6, lakini 7.3 hutaiona kamwe.)

Vipimo viwili, gari limesimama:

Bila kukanyaga mafuta: STFT +7.8, LTFT +21.9. Jumla karibu +30. MAF gramu 1.62 kwa sekunde.

Kwa mizunguko 2500: STFT +1.6, LTFT +5.5. Jumla karibu +7. MAF gramu 7.4 kwa sekunde.

Tofauti ya mistari hii miwili ina thamani kuliko msimbo wenyewe. Kama pampu ya petroli ingekuwa imechoka au filta ya petroli imeziba, tatizo lingezidi kadiri injini inavyodai zaidi, na gari lingekosa nguvu mlimani. MAF chafu nayo hudanganya zaidi hewa inapokuwa nyingi. Hapa ni kinyume: hali mbaya iko chini, na juu inakaribia kupona. Kuna hewa inaingia baada ya MAF bila kupimwa. Ni bawabu anayehesabu wageni getini wakati ukuta wa nyuma umebomoka. Wageni wakiwa wachache getini, wale wa ukutani wanaonekana wengi, na umati ukija hawatambuliki.

Nikafanya hesabu. Asilimia 30 ya gramu 1.62 ni karibu nusu gramu. Asilimia 7 ya gramu 7.4 ni karibu nusu gramu. Tundu ni lilelile, linapitisha hewa ileile. Na inaeleweka: ukishikilia mizunguko 2500 gari likiwa limesimama, throto (mlango wa hewa) bado imefunguka kidogo tu, kwa hiyo mvutano ndani ya manifoldi (bomba linaloigawia silinda hewa) haujapungua sana. Kwa hiyo utabiri: nikiliziba tundu hili, MAF bila kukanyaga itapanda hadi karibu gramu 2.1. Nimeandika namba hiyo kabla ya kufungua kitu chochote, ili isije ikasemwa niliitafuta baadaye.

Bado kulikuwa na washukiwa wawili wa kuondoa kwa haki.

Sensa ya oksijeni ya shemeji. Nimeiweka kwenye grafu. Sensa ya aina hii hutoa takriban volti 0.1 hewa ikizidi na 0.9 petroli ikizidi, na ikiwa nzima inapanda na kushuka kuzunguka 0.45. Nilipokanyaga mafuta ghafla na kuachia, ilipaa hadi 0.86, mguu ulipotoka ikaporomoka hadi 0.1, kisha ikarudi kucheza. Sensa inayokufa hupanda kivivu au hubaki mahali pamoja. Hii ina afya, na inasema kweli.

Ekzosi inayovuja kabla ya sensa. Hili ndilo hupotosha wengi, kwa sababu namba zake zinafanana na hizi: mapigo ya moshi yanapokuwa mapole, kati ya pigo na pigo ufa unavuta hewa ya nje, sensa inaona oksijeni, kompyuta inaongeza petroli ambayo haikuhitajika. Lakini huacha alama. Injini ikiwa baridi husikika tik-tik-tik inayofuata mwendo wa injini, na pembeni ya gasketi huonekana masizi meusi. Nilisikiliza asubuhi, sikusikia. Nikatazama kwa tochi kote ambako manifoldi ya ekzosi inakutana na injini, ni kutu ya kawaida tu.

Jumamosi mchana: kutafuta tundu

Wapo wanaopuliza dawa ya kusafishia kabureta kuzunguka injini inayonguruma na kusikiliza mlio ubadilike. Inafanya kazi. Inafanya kazi pia ya kuwasha moto, maana dawa hiyo inawaka na ekzosi iko hapo hapo. Nimetumia maji kwenye chupa ya kupulizia kwa gasketi ya manifoldi, kidogo kidogo, mbali na koili na soketi za waya. Hakuna kilichobadilika.

Kisha kipande cha mpira mwembamba, ncha moja sikioni, nyingine natembeza juu ya injini. (Mikono mirefu ya shati ikunjwe, feni na mkanda havibagui.) Kila injini ina mfoko wake wa kawaida (sauti ya hewa inayovutwa) kwenye throto, huo usikutishe. Nyuma ya manifoldi, upande wa ukuta wa gari, kulikuwa na mfoko wa pili, mwembamba zaidi, wenye kukwaruza. Mkono unafika, jicho halifiki.

Huko nyuma kuna mipira mitatu inayoingia kwenye manifoldi: wa busta ya breki, wa mvuke wa tangi la petroli, na wa valvu ya PCV, ile inayorudisha gesi za kwenye tumbo la injini zikachomwe. Badala ya kuifungua, niliibana mmoja mmoja kwa koleo lililofungwa kitambaa, simu ikiwa juu ya betri na STFT kwenye skrini.

Wa breki: +7.8, ikabaki +7.8.

Wa mvuke: hakuna.

Wa PCV, nikaubana karibu na valvu: hakuna. Hapa ingekuwa rahisi kuuacha. Nikausogeza mkono hadi upande wa pili, karibu kabisa na manifoldi, nikabana tena. Injini ikazama kidogo, mfoko ukakatika, na namba zikaanza kuteremka: +3.1, −4.7, −12.5, mpaka −18.8. LTFT bado ilikuwa imeng’ang’ania +21.9, kwa hiyo kompyuta sasa ilikuwa inamwaga petroli isiyotakiwa na STFT inahangaika kuiondoa. Nilipoachia koleo ikapanda tena.

Kubana upande wa valvu bila matokeo na upande wa manifoldi kwa matokeo makubwa kunaeleza yote: tundu liko katikati ya mahali pawili. Nimezima injini, nikaiacha ipoe, nikapitisha simu nyuma nikapiga picha bila kuona. Mpira una kona kali, na chini ya kona hiyo, mahali ambapo huwezi kupaona kutoka juu, kuna mpasuko wa urefu wa ukucha. Kingo zake zimelainika na kung’aa kwa mafuta. Niliutoa baadaye nikaukunja kwa vidole: nje unaonekana mzima, kwa ndani umekuwa kama utomvu. Ukiwa baridi mdomo wa mpasuko unafumba kiasi tu, hewa bado inapenya. Ukipashwa joto unalegea na kufunguka. Ndiyo sababu taa ilisubiri maji yafike 91.

Jumapili: kubadilisha

Fupi. Mpira mpya wenye kona iliyotengenezwa tayari, kwa sababu mpira ulionyooka ukilazimishwa kupinda hapo unajibana na kuziba. Lazima uwe unaovumilia mafuta na mvutano. Mpira wa maji ya rejeta utaingia vizuri kisha utavimba na kulainika kama huu wa zamani. Klipu mpya. Valvu ya PCV nimeitoa na kuitikisa, inagonga ndani, ina maana haijaganda. Nimeirudisha.

Nikawasha, nikaiacha ipate moto bila kufuta msimbo. MAF bila kukanyaga: gramu 2.12. STFT −18.0, LTFT +21.9. Baada ya muda LTFT ikaanza kushuka kwa ngazi zake, 21.1, 20.3, 18.8, na STFT ikipanda kuifuata kuelekea sifuri. Mlio umetulia.

Kwa nini sikufuta? Kufuta kunasafisha pia zile alama za utayari, majaribio ambayo kompyuta inajifanyia yenyewe kwa katalisti, sensa na mvuke wa tangi. Yote yanaanza upya, na baadhi huchukua safari nyingi kukamilika. Zaidi ya hapo, nataka kompyuta yenyewe ndiyo iseme imeridhika. Kwenye magari yaliyotengenezwa kuanzia takriban 2010 kwa soko la Marekani kuna hata misimbo ya kudumu ambayo skana haiwezi kuifuta. Inaondoka tu gari likijithibitishia kwamba limepona.

Utaratibu wa kuzima taa ni safari tatu mfululizo zilizopita jaribio bila hitilafu. Lakini kwa makosa ya mchanganyiko na kumisi kuna sharti ambalo wengi hawalijui: hali lazima ifanane na ile ya kwenye picha ya tukio, mizunguko isitofautiane zaidi ya 375, mzigo usizidi tofauti ya asilimia 20, na joto la injini liwe la hali ileile. Picha yangu ilinaswa gari likiwa limesimama, la moto. Kwa hiyo kukimbia barabara kuu mchana kutwa kusingesaidia. Kinachohitajika ni gari lipate moto, kisha liachwe lingurume bila mguu kwa dakika kadhaa, kila safari.

Jumatatu

LTFT bila kukanyaga +3.1, STFT inacheza kati ya −2.3 na +1.6. Kwa mizunguko 2500 jumla ni chini ya 2. Kuwasha baridi hakukutetemeka. P0300 haipo tena kwenye orodha ya inayosubiri.

Taa bado inawaka. Mtu asiyejua utaratibu angesema kazi imeshindikana.

Jumatano

Nimewasha asubuhi, taa zote za dashibodi zikawaka kama desturi, zikazima, na ya injini ikazima nazo. P0171 bado umo kwenye kumbukumbu kama historia. Utajiondoa baada ya injini kupashwa moto mara 40 bila tatizo kurudi. Kupashwa moto kunahesabiwa pale maji yanapopanda angalau digrii 22 kutoka yalipoanzia na kufika 70 au zaidi, kwa hiyo kuwasha na kuzima getini hakuhesabiwi.

Kilichobaki ni mpira wa mvuke wa tangi. Haukuvuja nilipoubana, lakini ulizaliwa siku moja na ule uliopasuka, na kona yake imeanza kulainika vilevile. Nimeupima kipenyo, nitaubadilisha siku nitakapoisafisha throto, kwa sababu kuufikia ni kufungua vitu vilevile.